Pikipiki ya zamani inavuta hewa pembeni: itafute kwanza kabla hujagusa kabureta

Hebu tuelewane kitu kimoja kabla ya chochote, pikipiki ya zamani ikianza kusumbua sailensi, yaani ule mzunguko wa taratibu injini ikiwaka na mkono umeachia mafuta, usikimbilie kufungua kabureta, tafuta hewa kwanza. Nasema hivi kwa sababu ukipita wanapokaa mafundi, iwe Chake huku Pemba iwe Mwanakwerekwe kule Unguja, utakuta kabureta imemwagwa juu ya gazeti, jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, zinapulizwa kwa mdomo, skrubu zinazungushwa huku na huku, na ubovu wenyewe uko vidole vitatu tu pembeni, kwenye mpira uliopasuka ambao hakuna hata mmoja aliyeutizama. Kabureta inarudishwa, pikipiki ile ile, kelele zile zile, mwenyewe anaambiwa "kabureta imekufa nunua mpya", ananunua, na mpya nayo inafanya vile vile maana imefungwa kwenye mpira ule ule.

Inakuwaje. Pistoni ikitembea inavuta, na ukiwa kwenye sailensi kabureta karibu yote imefungwa, kwa hiyo kule nyuma yake, kati ya kabureta na injini, kunakuwa na mvuto mkali sana. Hewa inayopita ndani ya kabureta inatoka na petroli yake kwa kipimo, kwa hesabu ya vitabu ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, lakini hewa inayochomoza kwenye ufa wa mpira au gasketi, ile karatasi ya kuziba baina ya vyuma viwili, inaingia mikono mitupu. Injini inapata hewa nyingi petroli kidogo. Ukifungua mafuta yote ule mvuto unapungua, na hewa ya halali inakuwa nyingi kiasi kwamba ile ya ufa haionekani, ndo maana mtu atakwambia "mbona barabarani inakwenda vizuri tu, tabu yake ikifika njia panda". Basi huyo kashakupa jibu mwenyewe bila kujua.

Dalili ziko nyingi ila kubwa ni ya resi kuning'inia, yaani unapiga resi unaachia, na badala ya kushuka pale pale inabaki juu inalialia halafu inashuka taratibu kwa wakati wake, au haishuki mpaka uibane na gia. Dalili nyengine ni sailensi isiyotulia, leo iko juu kesho inazima, asubuhi haiwaki bila choki, ile ya kuongezea petroli, na hata ikishapata moto bado inataka choki nusu. Ukifungua mafuta ghafla inakaba kidogo kabla haijaondoka. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, na huku Pemba vilima havituishi, ekzosi inapiga pa pa pa. Ukitoa plagi unaikuta nyeupe kama chokaa badala ya rangi ya kahawia. Na injini inapata moto kuliko kawaida yake. Kwenye fo-stroki, zile zenye oili yake mbali na petroli, utaishi na hali hii muda mrefu huku unalalamika tu, lakini kwenye Vespa na hizi za kuchanganya oili usicheze kabisa, maana petroli ndo inayobeba oili, petroli ikipungua na oili imepungua, na siku utakayoibana masafa marefu kwa mwendo mmoja, tuseme Mjini mpaka Makunduchi, pistoni inaweza kukamata ukiwa njiani.

Sasa kuna vitu vinavyofanana na hii, viondoe kwanza maana ni vya dakika mbili. Waya wa mafuta: washa, acha sailensi, zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, resi ikipanda ukizungusha basi waya umebana au umepitishwa vibaya, hilo si suala la hewa. Jeti ndogo ya sailensi ikiziba nayo inafanya pikipiki itake choki, ila mara nyingi hiyo inazima tu, haina ule mtindo wa kuning'inia juu. Tapeti za kusukumia valvu zikibana pia zinaleta mchezo. Na kipimo kimoja kizuri, ikiwa imeshapata moto inyanyulie choki kidogo, ikitulia na kunguruma vizuri ujue ilikuwa na njaa ya petroli, kwa hiyo ama jeti imeziba ama inavuta hewa. Halafu ile skrubu ndogo ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ukiizungusha mzunguko mzima na injini haina habari, wasiwasi uzidi. Na ukiifungua skrubu ya sailensi mpaka imelegea kabisa, haigusi kitu, na injini bado inazunguka kwa raha zake, hapo hata huhitaji kuuliza, kuna hewa inaingia mahali.

Mahali gani? Inategemea chombo.

CG125 ya Honda na ndugu zake nyingi za Kichina zina kabureta, halafu kile kibao cheusi kigumu cha kuzuia joto, halafu bomba la alumini linaloingia kwenye hedi. Kila zinapokutana pana o-ringi, yaani pete ya mpira, au gasketi na kila moja ni mlango wa hewa. Kibao cheusi chenyewe kinapasuka, mara nyingi kwenye tundu la bolti, na ufa wake ni mwembamba kama unywele ukiwa na mafuta huuoni, ukioshe na petroli ukauke ndo unatokeza. XL za Honda na nyengine za aina ile zina mpira mnene uliogandishwa na chuma, na huu ndo adui mkubwa wa kisiwani kwetu, jua la mchana kutwa, joto la injini, chumvi ya bahari na mvuke wa petroli, mpira unakauka unakuwa mgumu. Ukiutizama ukiwa umefungwa unauona mzima kabisa. Utoe, ushike kwa mikono miwili, ukunje kwa nguvu kuelekea upande mmoja kisha wa pili, tizama pale mpira unapokutana na chuma, utaona mstari unafunguka kama mdomo halafu ukiachia unajifunga. Mdomo ule ndo unaopumua kila kabureta ikitikisika barabarani, ndo maana sailensi yako ilikuwa leo nzuri kesho mbaya.

Vespa za PX ni habari nyengine, kabureta yake imelala ndani ya boksi juu ya krenkikesi, ile nyumba ya krenki, chini yake kuna gasketi mbili, moja baina ya kabureta na boksi na moja baina ya boksi na injini, na inashikwa na bolti mbili ndefu. Gasketi hizo zikila oili miaka mingi zinalegea. Ila Vespa ina mlango mwengine mbaya zaidi, sili za krenki, iko ya upande wa magneti na ya upande wa klachi. Ya magneti ikilika inavuta hewa tupu na dalili zote nilizotaja zinakuja. Ya klachi ikilika inavuta oili ya gia, kwa hiyo moshi mweupe mwingi wa oili ya kuungua na oili ya gia inapungua huku chini hakuna tone. Ukiona hivyo usihangaike na gasketi za juu.

Vyengine vidogo vidogo msivisahau. Ikiwa koki ya petroli yako ni ile inayofunguliwa kwa mvuto wa injini, kipaipu chake kikichanika kinaingiza hewa na juu ya hapo petroli haishuki vizuri. Vile vichuchu vya shaba vya kupimia mvuto kwenye manifoldi, lile bomba la kuingilia injini, vina vifuniko vya mpira, vikikauka vinapasuka. Na kabureta za kipepeo, zile zenye kibati cha kugeuka ndani, zikizeeka, ule mhimili wake wa chuma unalegea kwenye matundu yake, ukiushika unacheza juu chini, hewa inapita hapo hapo. Mpira wa upande wa filta ukichanika hautakuharibia sailensi sana lakini unaingiza vumbi, na vumbi la mawe yetu haya ya chokaa linasaga silinda kama msasa, kwa hiyo nao uzibe.

Kuitafuta. Njia ya kwanza ni maji. Ndiyo maji, chupa ya kupulizia ile ya saluni au ya kunyunyizia nguo za pasi, mdomo wake ukaze mpaka utoe mstari mwembamba si mvuke. Washa pikipiki iache sailensi, isiwe ya moto sana, puliza sehemu moja moja kidogo kidogo, pale o-ringi, pale ukingo wa mpira, pale kipaipu, ukipiga sehemu usubiri sekunde mbili tatu. Maji yakiziba ufa kwa muda mlio unabadilika, resi inashuka au inatulia au injini inataka kuzima, rudia hapo hapo, ikibadilika tena umeshampata. Wengine wanapulizia dawa ya kusafishia kabureta au WD-40, inafanya kazi na mabadiliko yake yako wazi zaidi, ila hizo zinashika moto, ekzosi iko hapo hapo na plagi iko hapo hapo, kwa hiyo zikitumika iwe kwa kile kimrija chake chembamba, tone tu, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Kupulizia petroli kwa sindano kama nnavyoona watu wakifanya, hapana, wallahi hapana. Na kuna bwana mmoja alinishauri tufukize kwa chetezo tuone moshi unavutwa wapi, fikra nzuri sana, lakini makaa ya moto chini ya tangi la petroli nimemwambia ami hilo tuwaachie maharusi.

Angalia na upepo. Msimu wa kaskazi au kusi ukifanya kazi hii nje, dawa inapeperushwa inaingia kwenye filta ya hewa, resi inabadilika, wewe unafurahi umepata ufa kumbe injini imevuta dawa kwa njia yake ya halali. Ingia nyuma ya ukuta.

Njia ya pili ni ya kupima kwa upepo, na kwa Vespa hii ndo yenyewe, nyengine zote ni kubahatisha. Unatoa kabureta unaziba pale ilipokaa kwa kibati na kipande cha mpira, kibati unakitoboa na kukitia kichuchu cha valvu ya tyubu, ekzosi nayo unaitoa unaliziba tundu lake, plagi inabaki mahali pake. Sasa ya kujazia upepo usitumie pampu ya sheli, utazipasua sili zilizokuwa nzima. Tumia ile mashine ya presha ya mkono, ya kubonyeza, zinauzwa maduka ya dawa na nyumba nyingi zenye mzee ipo, muombe bibi kwa adabu na umrudishie imefutwa. Geji yake inaishia 300, yaani milimita za zebaki, na 300 ya pale ni karibu psi 5.8, ambayo ndo hasa inayotakiwa kwa kazi hii, injini za namna hii hupimwa kwa psi 6 hivi. Toa ule mfuko wa mkononi, mrija uunge kwenye kichuchu, bonyeza taratibu mpaka ikaribie mwisho halafu acha utizame mshale. Ukikaa, injini yako nzima. Ukishuka zaidi ya kama 50 kwa dakika injini inavuja, hapo chukua maji ya sabuni na brashi ya rangi, paka kila kiungo, chini ya silinda, pembeni ya kichwa, nyuma ya magneti, utaona mapovu yanafura. Ukisikia inavuja na hakuna povu popote, fungua nati ya kujazia oili ya gia upake povu pale tunduni, likifura ni sili ya upande wa klachi na hapo jitayarishe, injini inafunguliwa.

Fo-stroki unaweza kuipima kwa mashine ile ile, ila ulete pistoni juu kwenye kompresheni ili valvu ziwe zimefunga, na upime kuanzia kwenye mpira baada ya kutoa kabureta. Ikivuja na mapovu hayaonekani huenda ni valvu yenyewe haikai vizuri, toa plagi usikilize pale tunduni.

Haya kuziba. Mpira uliopasuka dawa yake ni mpya, basi. Najua Pemba unaagiza na kusubiri boti, na ukiusubiri hiyo wiki pikipiki inahitajika, kwa hiyo kwa muda tu unaweza kuusafisha kwa petroli ukauke kabisa, ukakata ukanda wa tyubu ya baiskeli upana wa vidole viwili, ukauvuta kwa nguvu zote unauzungusha juu ya ufa mara nyingi unapandishana, halafu juu unatia klipu au waya. Tyubu ikilowa petroli inafura na kulainika, kwa hiyo hiyo ni ya kufikia dukani si ya kusafiria msimu mzima wa karafuu. Ukinunua mpya peleka ule wa zamani mkononi, usikubali "ni hizo hizo", pima tundu la ndani, pima masafa ya bolti, utizame ndani kama hakuna ukingo wa mpira umebaki unaziba njia. Kopi nyengine tundu lake dogo.

Silikoni. Jamani silikoni. Nimeona kabureta imezungushiwa silikoni nyekundu kama keki ya arusi. Silikoni ya kawaida haistahamili petroli, inafura, inamenyeka vipande vipande, na vile vya ndani vinavutwa na injini au vinakaa chini ya valvu. Kwenye njia ya petroli na hewa usitie.

O-ringi mpya lazima ikiwa ndani ya mfereji wake itokeze juu kidogo, upitishe ukucha uisikie imesimama, ikiwa imelingana na chuma basi haibani kitu. Ukikosa ya duka la spea ukaenda kwenye maduka ya mabomba utapata saizi, ila nyengine zile ni za maji na petroli inaziharibu, itie kwenye chupa yenye petroli ilale usiku mmoja, asubuhi uilinganishe na ile ya mwanzo, ikiwa imenenepa au imelainika itupe.

Halafu kuna ugonjwa wa kukaza. Kabureta ya CG ina masikio mawili ya kufungia, fundi akiona inavuta hewa anakaza, bado inavuta anakaza tena, masikio yanapinda kurudi nyuma na katikati panabinuka, sasa hata ukitia o-ringi ya dhahabu haizibi. Weka rula ya chuma au ubapa wa kisu kilichonyooka juu ya uso wake, uelekeze kwenye mwanga, ukiona mwanga chini yake umepinda. Dawa, chukua kioo cha dirisha, tandika msasa wa maji namba 320, tia maji na tone la sabuni, suguza uso ule kwa mzunguko wa namba nane bila kukandamiza upande mmoja, kila mara uigeuze, mpaka uone rangi imekuwa moja kote, malizia na 600. Toa o-ringi kwanza na uzibe matundu, na usisugue sana mpaka mfereji ukapungua kina. Kisha osha, osha tena, punje moja ya msasa ikiingia kwenye jeti umeanza safari mpya. Wakati wa kufunga bolti zile za milimita 6 zinataka kukazwa kwa kama Nm 10 (nyutoni mita) tu, ambayo kwa spana fupi namba 10 ni mkono wa kawaida si wa kufungulia tairi la gari, unakaza huku kidogo na huku kidogo kwa zamu. Za boksi la Vespa nazo vile vile, ukizikaza kwa hasira kabureta inajipinda na slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani yake, inaanza kukwama, umeponya hewa umeleta balaa jengine.

Gasketi ya karatasi kama huipati ikate mwenyewe, nunua shiti ya karatasi ya gasketi, usitumie boksi la sabuni. Paka ule uso wa chuma oili kwa kidole, bandika karatasi juu ukandamize, itachora umbo lote pamoja na matundu, kata kwa mkasi nje na matundu ya bolti uyatoboe kwa bomba dogo lililonolewa. Kile kitundu kidogo cha oili kwenye boksi la Vespa zenye tangi lake la oili pembeni usije ukakisahau, ukikiziba oili haishuki injini inakauka.

Ukishafunga kila kitu usiiache hivyo, maana skrubu zote zilikuwa zimechezewa kuificha ile hewa. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, irudishe mzunguko mmoja na nusu. Washa, ipate moto kweli kweli, zunguka nayo mtaani kidogo, weka sailensi juu kidogo, halafu zungusha ile ya mchanganyiko robo robo mpaka upate pale resi inapokuwa juu kabisa na laini, ukishapata ushushe sailensi kwa skrubu yake. Kumbuka kama skrubu hiyo iko upande wa filta ni ya hewa, kuifungua kunapunguza petroli, na kama iko upande wa injini ni ya petroli, kuifungua kunaongeza. Piga resi uachie: inatakiwa ianguke pale pale, bila kulialia. Ikiwa bado inaning'inia rudi na chupa yako ya maji, inawezekana zilikuwa nyufa mbili na umeziba moja, na kwa mpira wa zamani hilo ni jambo la kawaida sana. Ikikaa vizuri, baada ya siku chache za barabara pitia tena klipu na bolti zikiwa baridi, gasketi mpya inajilaza na zinalegea kidogo, na plagi uitoe uitizame kama imeanza kurudi kahawia.